Maji ya Kitanda cha Nne

Shangazi yangu alipiga deki wodi ya waliopandikizwa figo miaka kumi na tisa, na wote humwita Bi Sabuni. Ulimi wake mkali. Hata madaktari walisubiri mlangoni sakafu ikauke. Ila moyo wake laini mno, na huo ulaini ndio uliomponza.

Wiki ile wagonjwa wawili walishikwa na nimonia, na Jumanne mmoja wao, fundi cherehani wa kitanda cha pili, akafariki. Kesho yake daktari aliwakusanya wafanyakazi. Maabara ilikuwa imegundua mapafuni mwao bakteria wanaoishi kwenye maji ya bomba.

"Mimi na nyinyi hawatufanyi kitu," alisema. "Lakini hawa tumewashusha kinga kwa dawa, mwili usije ukaikataa figo. Bakteria wakiingia mapafuni mwao, hakuna wa kuwazuia." Akamgeukia nesi wa zamu. "Chupa za oksijeni ni kazi yako. Unazijaza maji gani?"

"Yale yaliyosafishwa, daktari. Ila siku hizi nikija nazikuta zimejaa."

"Zinajijaza zenyewe?"

Shangazi aliweka ndoo yake chini. Oksijeni hupitishwa kwenye chupa ya maji isimkaushe mgonjwa koo. Tangu manesi wapunguzwe, yeye akiona maji yameshuka alikuwa anaongeza ya bombani. Nani alimfundisha vingine? Kwake maji ni maji. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na angenyamaza, angefukuzwa nesi. Aliogopa, wala hakunificha.

"Ni mimi," akasema.

"Bi Sabuni, usimkingie kifua."

"Simkingii mtu. Nilikuwa natumia kikombe changu cha chai."

"Vitanda gani?"

"Cha pili. Cha tano. Na cha nne, leo asubuhi."

Daktari alitoka mbio. Kitanda cha nne kililaliwa na mwalimu, siku ya tatu tangu apewe figo na dada yake.

Walibadilisha chupa na mipira yake, wakamwanzishia mwalimu dawa kabla hajakohoa hata mara moja. Alirudi nyumbani mzima. Yule wa kitanda cha tano naye alipona, kwa kuchelewa. Shangazi hawakumfukuza, walimhamishia chumba cha kufulia mashuka.

Nilimwambia ameokoa mtu. Alinikata kauli kwa ukali wake uleule.

"Yule fundi alikuwa ananishukuru kila nikimwongezea maji," alisema.