Dunia Yenye Kitako

Habari za msiba nilizipata dukani. Nilikuwa mjini Kisii kununua kalamu. Mwenye duka la vitabu, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa na anayezungumza Ekegusii vizuri kuliko wanangu, akaacha kufunga kifurushi changu na kuniuliza, "Mwalimu, umesikia? Yule mama wa ramani ametutoka." Nikaketi juu ya katoni ya chaki. Kwa miaka yote mama huyo alikuwa akiingia pale kuuliza kama kumeletwa ramani mpya ya dunia, jibu likawa hakuna, na bado wakanywa chai pamoja. "Sasa nani ataniuliza?" akasema, machozi yakamlengalenga. Mimi pia. Jamani, kifo hakina adabu.

Nilifundisha naye mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, katika shule ya upili ya wasichana kule upande wa Marani. Mimi nilikuwa na Kiswahili changu, yeye na jiografia yake, na ndani ya jiografia hiyo alikuwa na ugonjwa mmoja: safari za mabaharia wa kale. Mtu aliyeogopa hata kuvuka mto mvua ikinyesha angekusimulia jinsi ufizi wa mabaharia ulivyotoka damu kwa kukosa matunda, mpaka uji wako ukapoa mezani. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuwapigia makofi. Kitabu kilipodai kwamba fulani kutoka Ulaya "aligundua" ziwa letu, aliwauliza wasichana Wajaluo walikuwa wakivua samaki ndani ya nini siku zote hizo. Kwake yeye, mvumbuzi ni mtu aliyekwenda, akarudi, akasema kweli kuhusu mahali alipoishia. Wengi, alisema, hushindwa na hilo la mwisho.

Mwaka mmoja halmashauri ya shule ikapendekeza jiografia iondolewe na wasichana wote wafanye sayansikimu. Sababu waliyotoa ni kwamba shule haikuwa na vifaa. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye shamba lake la chai kule Ikonge na sauti ya kutosha uwanja mzima, akaongeza yake: "Msichana wa hapa ataenda wapi na meli? Ajue kupika." Wengine tulilichukulia kama jambo la ratiba tu. Mwalimu mwenzangu hakulichukulia hivyo. Bila somo lile wasichana wake wasingeweza kuota kusomea upimaji wa ardhi wala utabiri wa hali ya hewa, na mlango ukishafungwa, alijua, hakuna mtu angejisumbua kuufungua tena. Akaomba apewe siku ya wazazi afundishe kipindi kimoja mbele ya watu wote, ndipo waamue. Wakamkubalia.

Vifaa hakuna? Akaenda Tabaka wanakochonga mawe, akamwagiza fundi mmoja tufe la dunia. Sasa, wachongaji wa kule wana kanuni yao: iwe kiboko, iwe sahani, iwe wapenzi wamekumbatiana, kila kitu lazima kikae mezani bila kuyumba, la sivyo hakina mnunuzi. Asubuhi ya siku yenyewe fundi akafika na mzigo ndani ya gunia, umebebwa na wanaume wawili wakihema. Gunia likavuliwa. Lo, uzuri gani ule! Jiwe la rangi ya waridi, mabara yameinuka, bahari zimepigwa msasa zikang'aa. Ila upande wa chini dunia ilikuwa imekatwa bapa. Fundi, kwa wema wake, alikuwa ameipa kitako.

"Tata, baba yangu, umefanya nini?" Mwalimu akamnong'oneza.

"Yaya, hapana, Mwalimu! Kitu kisicho na kitako kitakaaje? Si kitabingirika kiwavunje watoto miguu?"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwenyekiti akainuka, akaligonga lile jiwe kwa fimbo yake. "Na hapa chini palikuwa na nini?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. "Bara zima, Mzee," Mwalimu akajibu. "Limebaki Tabaka, ni unga."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja naye, na hapo hapo akaanza kufundisha. Akawasimulia nahodha mmoja Mwingereza aliyetumwa zamani kulitafuta bara hilo hilo la kusini. Alizunguka miaka, matanga yakiganda yakawa magumu kama mbao, akafika mbali kuliko mtu yeyote aliyejulikana kabla yake, kisha barafu ikamzuia akageuza. Hapo hakukosea. Alikosea aliporudi kwao akatangaza kwamba hakuna mtu atakayethubutu kumpita, na kwamba hata kama ardhi ipo, haitamfaa mtu. Walikuja wengine wakampita. Leo watu wanaishi huko wakipima barafu na upepo, wanawake wakiwemo.

Mwenyekiti akakunja uso. "Unanisema mimi, Mwalimu?"

"Namsema nahodha, Mzee."

Ningependa kukuambia kwamba alishinda. Hakushinda. Halmashauri iliketi jioni ile ile ikaiondoa jiografia, na Mwalimu akaachiwa historia peke yake. Alilia waziwazi katika chumba cha walimu, akapenga kamasi, akasema atafundisha Jumapili. Wengi wetu huku tunasali Jumamosi, kwa hiyo Jumapili kanisa huwa tupu, na mchungaji akampa ufunguo. Nilihama mwaka uliofuata nikidhani mambo yale yangekufa yenyewe. Nani angekuja? Hakukuwa na mtihani wala cheti, na siku hizi sisi tumefika mahali ambapo mtoto hafungui kitabu kabla hajauliza kama kitatoka kwenye mtihani. Vijana wana vyeti vilivyofungwa kwa nailoni, wamekaa barazani, na bado tunawaambia wasome ili wapate vyeti. Inaniuma kusema hivi, lakini ndivyo tulivyo.

Wiki iliyopita tulimzika nyumbani kwake Kiogoro. Mwenyekiti alikuwepo, amezeeka, na kama kawaida akapewa nafasi ya kusema. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. Mwishoni akaomba wale waliofundishwa na marehemu siku za Jumapili wasimame, tuwaone. Nadhani alitarajia wasichana watatu, wanne. Wakasimama wasichana, wengi. Kisha kwenye viti vya akina mama wakaanza kusimama wanawake wazima, wenye vitambaa kichwani na wajukuu migongoni, wakishikana mikono kuinuana. Na katikati yao akasimama mke wa mwenyekiti.

Mzee akasahau kipaza sauti kiko mdomoni. "Hata wewe? Si ulikuwa unaniambia ni mkutano wa akina mama?"

"Ulikuwa mkutano wa akina mama," mkewe akajibu. "Tulikuwa tunasoma."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu kabla ya kuketi, na sijawahi kumwona mtu akitazama hivyo mtu aliyelala naye nyumba moja miaka yote. Basi, ndugu msomaji, siku utakapotaka kututangazia kwamba watu fulani hawana haja ya kujua jambo fulani, tafadhali anza kwa kuuliza nyumbani kwako.