Geti Lililomwangukia Dada

Cheche alijifunza kuchomelea vyuma kwa miezi mitatu, akajiona fundi aliyekamilika. Geti lake la kwanza alilifunga nyumbani kwa mama yake, akalipaka rangi ya bluu iliyong'aa, akaita majirani waje kulishangaa.

Siku ya tisa dada yake mkubwa, mwalimu wa michezo, alilivuta asubuhi akiwahi kazini. Bawaba ya juu ikaachia, geti zima likamlalia mguu. Hospitali waliukata chini ya goti.

Cheche aliiokota ile bawaba. Chini ya rangi palikuwa na kutu tupu. Chuma hakikushikana na chuma. Alikwenda wodini na mfuko wa machungwa, mama akimtangulia.

"Ni bahati mbaya tu, mwanangu," mama alimwambia mgonjwa.

Dada hakumtazama mama. "Cheche, ile kutu uliiona?"

"Niliiona, dada. Nilidhani rangi itaificha."

"Haya. Ondoka na machungwa yako."

Shuleni hawakumtaka tena mwalimu wa michezo anayetembelea magongo. Naye Cheche hakupata hata mtu wa kumpa dirisha la banda la kuku. Akameza kiburi, akaomba kujifunza upya kwenye karakana ya matrela. Mwenye karakana aliwakusanya mafundi wote.

"Huyu ndiye aliyemkata dada yake mguu," alisema. "Mpeni ufagio."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Alifagia mwaka mzima. Alipokabidhiwa mashine, kila alichounga kiligongwa nyundo mbele ya wenzake, na kilipovunjika walimpigia makofi. Jioni alivibeba vipande kwenda navyo nyumbani, akavikata katikati kwa msumeno, akatafuta mahali ambapo moto haukuingia. Mwaka wa tatu nyundo ikaanza kudunda. Makofi yakakoma, na hakuna aliyempongeza.

Alipofungua karakana yake, dada alifika siku ya kwanza, akajivutia stuli, akaketi mlangoni, magongo mapajani.

"Leta nyundo," alisema.

Tangu hapo hakuna geti lililotoka bila yeye kugonga kila bawaba. Na kila mteja alipoingia, dada aliinua pindo la gauni, mguu uliokatwa ukaonekana. "Cheche, mwambie mgeni geti lako la kwanza lilifanya nini."

Cheche alisimulia, jasho likimtiririka. Wengine walikimbia. Wengi walibaki, maana fundi asiyeficha aibu yake walimwamini. Ikafika miaka kumi na moja, akafunga mageti ya shule, ya maghala, na mwisho akaitwa kufunga ya hospitali ileile.

Siku wasimamizi wa hospitali walipokuja karakanani kukagua mageti yao, dada aliinua gauni kama kawaida. Cheche alisimulia. Wageni walipotoka kwenda uani kupima vipimo, aliinama mbele ya ile stuli.

"Dada, utanisamehe lini?"

"Nikusamehe ulegee mkono?" Dada alishusha gauni taratibu. "Unavyofanya kazi vizuri hivi ni kwa sababu sijakusamehe. Na hata ungekuwa malaika, mimi nilikuwa nakimbia, Cheche. Nilikuwa nakimbia."

Cheche alikwenda nyuma ya mabati, akalia akiwa ameziba mdomo kwa glavu. Kisha akanawa uso bombani, akachukua futi, akawafuata wageni uani.