Radi ya Kutumwa

Umeme ndio unaouona, ngurumo ndiyo unayoisikia, radi ndiyo inayokupiga. Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha mimi na mdogo wangu, tumejibanza jikoni Misungwi huku mvua ikimwagika. Maneno matatu, yalitutosha. Hayakuwatosha wakwe wa mdogo wangu. Kwao radi yenyewe ilikuwa ya aina mbili, ya Mungu na ya kutumwa. Ya Mungu ikikupiga, unauguzwa au unazikwa. Ya kutumwa ikikupiga, huguswi mpaka mganga afike, kwa sababu atakayekugusa itamhamia.

Nilikuwa nimewatembelea mwaloni, wanakoanika dagaa. Wingu jeusi likapanda kutoka ziwani, tukakimbilia kuanua. Nilibeba beseni hadi bandani, na nilipoinama kulitua, pote pakawa peupe, kisha ukaja mlio ulionikalisha chini. Nilipotoka nilimkuta mdogo wangu amelala chali juu ya wavu, kandambili moja imeruka mbali.

Watu walikuwepo, tena wengi. Walikuwa wanaendelea kuanua. Mama mkwe wake aliukusanya wavu mpaka karibu na miguu ya mdogo wangu, akawazoa dagaa waliokuwa ubavuni pake kwa uangalifu, vidole visije vikamgusa. Mpaka leo naichukia ile mikono. Kisha wote wakajikinga chini ya bati, wakaanza kubishana.

"Hii ya kutumwa," mumewe alisema. "Imeacha miti, imeacha nyumba, imemchagua yeye."

"Inaweza kuwa ya Mungu," shemeji mmoja akasema.

"Ya Mungu gani, na mvua ilikuwa bado haijanyesha?" mama mkwe akamjibu. "Mwacheni kwanza. Mganga ameshapigiwa simu."

Mvua ilikuwa inamnyeshea usoni, mdomo uko wazi. Nilipotaka kwenda, mumewe alinikamata mkono. Nilimng'ata, wala sijutii. Nilimgeuza mdogo wangu ubavu, maji yakamtoka mdomoni, nikasikia anahema.

Bodaboda aliyekuwa pale alikataa kutubeba. "Dada, na mimi nina watoto," alisema, akawasha pikipiki na kuondoka. Nikambeba mgongoni mpaka barabarani, dereva wa lori la mchanga asiyejua habari zetu akatufikisha hospitali.

Alipona, ila mguu mmoja ulibaki mzito. Mumewe alikuja wodini baada ya siku kadhaa, kavaa shati la kanisani, ana machungwa kwenye mfuko. Alikuwa mchangamfu.

"Mganga amepima," alisema. "Kumbe ilikuwa ya Mungu. Hakuna shida." Akamwekea mke wake mkono kwenye paji la uso.

Mdogo wangu akauondoa.

"Nilikuwa nasikia," alimwambia. "Macho yalikataa kufunguka, mwili ulikataa, lakini masikio yalikuwa yanasikia. Niliwasikia wote. Nikasema moyoni, hawa wengine wana haki ya kuogopa, lakini mume wangu atakuja. Nilikungoja wewe."

Mumewe alikuna kidevu. Nilimtazama vizuri, nikitafuta aibu, sikuiona. Alikuwa anashangaa kweli, mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa wazi.

"Sasa mke wangu," alisema, "ningejuaje kama ni ya Mungu?"

Mdogo wangu yuko kwangu Igoma mpaka leo.