Ndiva Tuliyoichimba Mno

Mimi ni fundi redio hapa Same, karibu na stendi, na tangu nifungue kibanda changu redio ya mezani haijawahi kuzimwa saa za kazi, ila mara moja. Vijana wananiuliza, mzee, siku hizi nani bado ana redio? Nawajibu kwamba watu wa milimani wanazo, na watu wa milimani hawatupi kitu. Lakini tusidanganyane, kazi imepungua, na sehemu kubwa ya siku nakaa nasikiliza taarifa ya habari na kubishana nayo peke yangu. Vita vya watu wa mbali, bei ya mafuta, mbu wanaopanda mlima kwa sababu baridi imepungua. Juzi wakasema wanasayansi wanatafuta maji mwezini. Hilo lilinikera hata chai ikanishinda.

Lilinikera kwa sababu sisi maji yetu tuliyapoteza tukiwa tumesimama juu yake, majembe mikononi, tukiimba.

Asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba babu zetu mlimani. Maji ya kijito kinachotoka msitu wa Shengena yanaletwa na mfereji, yanakusanyika usiku kucha, asubuhi ndiva inafunguliwa na watu wanamwagilia mashamba kwa zamu. Chini ya ukingo kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa mti mrefu uliofungwa matambara kwenye ncha. Anayeushika mti huo ndiye mwenye neno. Katika kijiji chetu, chini kidogo ya Chome, aliyeushika alikuwa dada yangu mkubwa.

Dada ni mjane na wanawe wote wametawanyika mijini. Alikuwa na shamba la maharage chini ya ndiva, tangawizi pembeni, na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Kila nikipanda kumwona namwambia shikamoo, naye kabla ya kuitikia marahaba ananiuliza kama nimekuja tena kumwomba ahamie kwangu. "Same ni mahali pa kungojea basi, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Mimi nitafia hapa, nikisikia maji yakiingia kwenye ndiva." Ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe. Wala si kikubwa.

Mwaka mmoja redio ikatangaza kwamba mvua za vuli zitakuwa nyingi kupita kawaida. Dada alisikia kwenye redio yake ya zamani, ile ambayo nimeifungua na kuifunga mpaka skrubu zake zimekuwa laini. Akanipigia simu.

"Umesikia? Ni kweli, au ni maneno yao tu?"

Nikamweleza nilivyokuwa nikielewa, kwamba kuna bahari mbali huko ikipata joto, mawingu ya huku kwetu yanabadilika, na kwamba wana mitambo angani inayoliona joto hilo. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kama ni hivyo, tuchimbe," akasema. "Ndiva ilivyo sasa itamwaga nusu. Maji yote hayo yapotee bure?"

Siku ya msaragambo pembe ikapigwa asubuhi na mapema. Msaragambo ni kazi ya wote, na asiyetokea anatozwa, tena anasemwa mpaka anatamani angetozwa mara mbili. Na mimi wa mjini nilipanda, maana lugha ya dada yangu naijua. Kazi yenyewe ni ya kila mwaka: tope la juu linachotwa mpaka jembe ligonge udongo wa kijivu, mgumu, unaoteleza. Hapo watu huacha, wanaosha miguu, wanakula makande. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini tunaacha hapo. Tulikuwa tunaacha tu, kama baba zetu walivyoacha.

Siku hiyo hatukuacha. Dada alikuwa juu ya ukingo na khanga kiunoni, akiongoza wimbo, akiwataja wavivu kwa makabila ya wake zao ili watu wacheke. "Bado! Mvua inakuja nyingi, hilo si shimo la kuku!" Basi tukaupasua ule udongo wa kijivu na kuutupa bondeni. Chini yake tukakuta changarawe nyekundu, laini kuchimba, na watu wakashangilia kwamba kazi sasa imekuwa nyepesi. Wazee walikuwapo, wasomi walikuwapo, mwalimu wa sayansi alikuwapo na koleo lake. Jamani, tulifurahi siku ile. Nikikumbuka tulivyofurahi ndipo ninapoumia zaidi.

Mvua ikaja kama ilivyotangazwa. Ndiva ikajaa mpaka mdomoni, na dada akanipigia jioni hiyo huku akicheka, akanishikia simu nje nisikie vyura. Kulipokucha akashuka kwenda kufungua, akakuta kidimbwi cha kunywesha kuku. Akadhani mti umelegea. Akaushika, akaukuta umekaa palepale, umekaza kabisa. Jioni ndiva ikajaa tena, asubuhi ikawa tupu tena. Siku ya tatu aliponipigia hakucheka.

Kumbe ule udongo wa kijivu ndio ulikuwa chungu chenyewe, na sisi tulikuwa tumekitoboa kitako ili kiingize zaidi. Maji yalizama kwenye changarawe na kutokea chini kabisa, upande wa kushukia kijiji cha Kisiwani, kwenye kiwanja cha mtu mmoja kilichokuwa kikavu miaka yote. Yeye akapanda magimbi na kumshukuru Mungu. Wapare tunataniwa kwamba kwa kesi ya kuku tunauza ng'ombe, na kweli wapo waliotaka kumshitaki. Kwa kosa gani, la kulowana?

Wataalamu walikuja, wakapima, wakasema inawezekana kurekebisha, wakaondoka. Siwalaumu sana, mvua ileile ilikuwa imebeba madaraja huko chini na watu walikuwa na shida kubwa kuliko yetu. Ila dada hakuwa mtu wa kungoja. Alikumbuka kwamba tukiwa wadogo baba na wenzake waliwahi kuupanga udongo upya, wakaingiza ng'ombe wa kijiji kizima ndani ya ndiva, wakawazungusha kutwa nzima mpaka kwato zikaushindilia ukawa kama sakafu. Hata mimi nikalikumbuka lile vumbi na kelele.

Tukaokota tulichoweza bondeni, udongo nusu na majani nusu, tukakitandaza ndani ya ndiva. Siku ya ng'ombe ikafika. Lakini ng'ombe wa sasa si wale. Ardhi imekuwa ndogo, kila nyumba ina mmoja tu, anakatiwa majani na kuletewa maji, na tangu azaliwe hajawahi kutembea mbali kuliko mlango wa banda. Waliletwa kwa kamba, wanene, kwato zimerefuka, wanashangaa jua. Wakafika ukingoni wakagoma. Watu wakaanza kucheka, na mimi nilicheka. Dada akasema mwenye mti ndiye atangulie, akamvuta wa kwake.

Ng'ombe alishuka hatua chache, akateleza, mguu wa mbele ukaingia chini ya mwili. Tulisikia ukivunjika. Kicheko kikakatika. Mwenye kisu akaitwa, na kabla ya jioni nyama ilikuwa imegawanywa palepale ukingoni, kwa sababu haitupwi. Dada hakuchukua fungu. Wengine walifungua kamba kimya kimya wakawarudisha ng'ombe wao nyumbani. Mtu mmoja akasema maji yakimwagika hayazoleki, nami nikatamani kumpiga.

Baada ya hapo dada alilima msimu mmoja kwa kutegemea mvua peke yake. Mvua ikaja mapema, ikakatika mapema, maharage yakakauka yakiwa na maua. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini watu waliacha kupita njia ya kwake jioni, na nadhani hilo lilimshinda kuliko njaa. Akateremka Same na godoro, sufuria, redio yake, na ule mti.

Mara nyingi najiuliza nimkasirikie nani. Utabiri ulikuwa wa kweli. Ungekuwa wa uongo ningepumua, ningewatukana wale wa redio nikalala usingizi. Msaragambo nao ni jambo jema, wala sitakubali mtu auseme vibaya mbele yangu. Tulijua kitakachotoka juu kwa usahihi wote wa sayansi, tukawa na umoja wote wa mababu, na kati ya hayo mawili hakuna aliyeuliza juu ya kipande cha udongo chini ya miguu yake. Najuta. Najuta kwa niaba yetu sote, na zaidi kwa niaba yake, maana yeye hasemi.

Sasa anakaa nami kibandani mchana, anachambua maharage ya kununua na kulalamikia joto. Mti wake ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango. Wateja walidhani ni wa kuanikia nguo, na mimi sikuwasahihisha.

Wiki iliyopita upepo ukavunja nguzo ya turubai langu. Nikawa natafuta cha kuegemezea. Redio ilikuwa inatoa utabiri wa msimu: mvua za kutosha, nyanda za juu kaskazini mashariki. Dada akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na mti.

"Kata huu."

"Dada, huu hapana. Nitatafuta mwingine."

"Unazuia nini huko ndani? Kata."

Nikaukata. Ni mti mgumu, na umekaa majini tangu enzi za baba. Msumeno ulipofika katikati, unga wa mbao ukawa mweusi, na harufu ya tope la ndiva ikajaa kibandani, mbichi kabisa, kama vile mtu ametoka kufungua maji sasa hivi. Dada aliacha kuchambua. Akakaa hivyo, viganja vimejaa maharage, akivuta pumzi.

"Zima hiyo redio," akasema.

Nikaizima.