Mjomba Aliyegoma Kusema

Pale Mkunya, ukitaka kujua jambo la kimila, ulielekezwa kwa Mzee Nikolao. Na usipokwenda, alikufuata mwenyewe. Hakukosa jibu. "Desturi ni tunachofanya," alisema. "Mila ni sababu ya kukifanya. Na mwiko?" Hapo alijikuna kidevu. "Mwiko ni kile ambacho wazee hawataki mkifanye."

Wazee wenyewe walikuwa yeye. Ndiyo maana mtaani kwake ilikuwa mwiko mtoto kula firigisi, mwiko kumwamsha mwanamume kabla uji haujaiva, na mwiko kupita na mabibo mlangoni pake bila kumwachia.

Siku moja mpwa wake, Furaha, akapata mchumba, kijana wa Chiungutwa aitwaye Optatus. Pande hizo mjomba ndiye mwenye kauli. Binti haolewi hivi hivi bila neno lake. Nikolao akaona zamu yake imefika. Akamwambia dada yake Veridiana, mjane, mama wa Furaha, kwamba iko ada kongwe iitwayo kifungua kinywa: mjomba hatamki neno mpaka wageni wamletee jogoo.

"Mbona nilipoposwa mimi, mjomba wetu aliongea mpaka sauti ikamkauka?" Veridiana akauliza.

"Ndiyo maana ndoa yako ilijaa kelele."

Wageni wakafika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Mshenga wao, Abdulkadiri, mtu mpole, akainama mbele ya Nikolao.

"Shikamoo, mzee."

Nikolao akatazama paa.

"Shikamoo, mjomba."

Nikolao akazidi kulitazama paa. Abdulkadiri akamgeukia Veridiana, akanong'ona, "Pole sana, Mama Furaha. Maradhi haya yalimwanza lini?"

Veridiana akaeleza habari za jogoo. Wageni wakatazamana, maana walikuja na kanga na sukari tu. Optatus akatumwa kwa jirani kutafuta jogoo, na jirani akamwonyesha mmoja, kisha akamwambia amkamate mwenyewe. Waliokaa sebuleni wakamwona kupitia mlangoni akipita mbio na suruali yake iliyopigwa pasi, jogoo akiwa mbele. Baada ya kitambo wakamwona akirudi. Safari hii jogoo alikuwa nyuma.

Jua likapanda. Chakula kikaanza kupoa. Mwisho Veridiana akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Wageni wetu, na sisi tuna ada nyingine ya tangu mababu. Mjomba akikawia kusema, dada yake humsemea. Basi binti tumewapa. Harusi ni baada ya msimu wa korosho."

Vigelegele vikapasuka. Nikolao akainuka nusu, mdomo wazi, kidole juu. Watu wote wakamgeukia. Akisema, mila yake imekufa pale pale. Asiposema, mpwa ndiyo keshatolewa. Kidole kikashuka. Akakaa.

"Mjomba ameridhia," Abdulkadiri akatangaza.

Wakala, na Optatus naye akaketi mikono mitupu, akihema. Nikolao alikula kimya. Alipotaka kuongezewa kisamvu alionyesha bakuli kwa kidevu, na dada yake akajifanya anatazama nje.

Wageni walipoondoka, akalipuka. "Hiyo ada ya dada kusema umeitoa wapi wewe?"

"Jirani na pale ulipoitoa ya jogoo."

Nikolao akajaribu kukasirika. Alikunja uso, akaunyoosha, akaukunja tena, halafu kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akakohoa na kushika mbavu.

"Lakini uliisema vizuri," akakubali, akifuta machozi. "Hiyo 'tangu mababu.' Nusura niamini."

Veridiana akampakulia kisamvu kilichobaki, na kabla hajakimaliza walikuwa wameshaanza kubishana juu ya nani atawamwagia mababu togwa ya kwanza siku ya harusi.