Gogo la Chini

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mbao kule Forest, mtaa wa Brussels, mkuu wa karakana aliniuliza nilifanya nini Bukavu. Nikamjibu: milango na vitanda. Akasema, "Bon. Hapa hatutengenezi kitu kipya. Tunazuia vya zamani visianguke."

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Papa Déo, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa amenitangulia Brussels. Tulikarabati mapaa ya makanisa na ngazi za nyumba kuukuu, hadi msimamizi wetu mpya alipotupeleka mbali sana kaskazini, kwenye kijiji kidogo kando ya ziwa. Huko palikuwa na nyumba ya magogo, ya zamani kuliko babu wote wa kijiji. Wanakijiji walifanyia humo mikutano na kuagia wafu wao.

Unyevu ulikuwa umelila gogo la chini, lile linalobeba ukuta mzima. Kulibadilisha, unainua nyumba kwa jeki, kona moja kidogo, kisha nyingine, isije ikapinda. Halafu unachomoa lililooza na kuingiza jipya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Chef, udongo huu ni laini," Papa Déo alimwambia msimamizi. "Tutafute kwanza mawe ya kuweka chini ya jeki."

"Tukingoja, theluji itatukuta. Malizeni leo."

Tukainua kona ya kwanza, tukachomoa gogo bovu. Papa Déo alinitazama, akavua kofia, akajipenyeza chini ya ukuta kulinganisha gogo jipya. Jeki ikazama. Kona yote ikamshukia. Wanakijiji walikuja mbio na miti ya kuinulia, lakini tulipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mama mmoja alivua koti lake akamfunika.

Ni mimi niliyempelekea habari mkewe, Maman Furaha, nyumbani kwao Laeken, Brussels.

"Ilikuwa nyumba ya nani?" aliniuliza.

"Ya kijiji, Maman."

"Bwana yangu alikimbia vita, alors akuje kufia chini ya nyumba ya batu hatujue?"



Msimamizi alihamishiwa kwingine. Mafundi wengine waliimaliza nyumba ile baada ya baridi. Mimi niliendelea na kazi hadi magoti yalipokataa, na kila mahali nilipima udongo kwanza, hata wakubwa waliponiita mwoga. Ninyi mafundi mnaoanza sasa, mkiitwa hivyo, itikieni, kisha mwendelee kupima.

Nilipostaafu, Maman Furaha aliniomba nimpeleke kwenye nyumba ile. Tulipofika, wazee wa kijiji walitufungulia mlango, lakini yeye hakutaka kuingia. Alizunguka nje polepole, akigusa kuta.

"Kona yake ni ipi?"

Nikamwonyesha. Akaketi kwenye majani, akaegemeza mgongo kwenye gogo lile la chini.

"Uniache kidogo, Papa."

Nikaenda kusimama ukingoni mwa ziwa hadi aliponiita.