Nilikuwa Natafuna Nyama, Tarumbeta Yangu Ikaendelea Kulia

Habari admin, na poleni na majukumu ninyi wote mnaopita hapa. Jina langu weka kapuni, maana wapiga tarumbeta wa kike hapa Moshi hatujazi hata bajaji, nikitajwa nimekwisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nimepanga chumba Majengo. Kwetu ni Masama. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya maharusi, zile bendi za kinanda, magitaa ya umeme na maspika marefu kuliko mlango wangu. Siku hizi hata kukaa sehemu moja siwezi. Naanza kufua naacha, nabandika chai naisahau, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kupuliza nilifundishwa na baba. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu, na tangu nasoma shule ya msingi alikuwa ananisimamisha kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, ananiambia nipulize taratibu mpaka ng'ombe asishtuke. Nilipoingia bendi hii alinuna. Kwake yeye muziki wa maspika ni fujo tu. Aliniambia, "Mama, huko hata wewe mwenyewe hutajisikia." Nikajibu kwa kucheka.

Ukweli jukwaani kelele ni za kutisha. Ngoma ziko nyuma ya kisogo, besi inatetemesha tumbo. Mimi nafuata midomo na vidole, basi. Lakini kwenye maspika nilikuwa naisikia tarumbeta inatoka safi, haiyumbi, na moyoni najisifu kwamba leo nimewaweza. Nikirudi nyumbani midomo imevimba nilikuwa nalala na raha zangu.

Juzijuzi tulipiga harusi moja, ukafika muda wa ndafu. Kwa ninyi wa mikoa mingine, ndafu ni mbuzi anayechomwa mzima, anaingizwa ukumbini kwa shangwe na majani mdomoni, mpishi anacheza mbele yake. Hapo ndipo tarumbeta inatakiwa ilie kwelikweli. Maharusi walipomaliza kulishana, shangazi wa bwana harusi alipandwa na furaha, akaja mpaka jukwaani na kipande cha nyama, akanisukumia mdomoni. Sasa utamkatalia vipi shangazi wa watu ndafu? Nikashusha tarumbeta, nikaanza kutafuna. Tarumbeta ikaendelea kulia.

Tena inalia vizuri, na mimi shavu limejaa nyama! Nikageuka. Kiongozi wetu wa bendi, ambaye ndiye mpiga kinanda, vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye kinanda huku ananikonyeza niinue tarumbeta haraka. Nikainua. Ukumbi mzima hakuna aliyeshtuka, hata yule shangazi alishaendelea na kucheza kwake.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo nikamfuata. "Kaka, maiki yangu huwa inafunguliwa?"

Akacheka. "Sista, usikuze mambo. Kinanda kina sauti ya tarumbeta na hakikosei. Wewe unapendezesha jukwaa, watu wanapenda kumwona dada anapuliza, picha zinatoka poa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo. Si ulikuwa unapuliza kwa nguvu mno, unapasua watu masikio? Nikaona nisikuvunje moyo."

Fundi mitambo alikuwa pembeni anakunja waya, akajifanya hatusikii. Kumbe bendi nzima walijua. Niliumia jamani, sitaki kusema uongo. Midomo imechanika, masikio yanapiga mluzi hadi kwenye kimya, kumbe nilikuwa pambo kama yale maua ya mezani. Baadaye hasira ikapoa, ikabaki hofu: kama sauti niliyokuwa naisikia siyo yangu, je, yangu ikoje?

Jumapili nikapanda Masama wakati watu wako ibadani, nikasimama kihambani nikapuliza wimbo ninaoujua tangu utotoni. Ilitoka kali, inapanda na kushuka isipotakiwa. Nikajaribu taratibu, ikakata. Nimezoea kugombana na maspika, kupuliza kistaarabu nimesahau. Nikaifunika tarumbeta na kitenge kabla baba hajarudi.

Alipofika nikamwamkia. "Marahaba mama," akasema, akaona mdomo wa tarumbeta umechomoza kwenye kitenge, uso ukachangamka. "Naona umeanza kujiandaa na sherehe ya mdogo wako."

Mdogo wangu wa kike anaolewa, sherehe ya kumuaga ni mwezi ujao na kamati imechukua bendi yetu. Baba, ambaye hajawahi kukanyaga tunapopiga, safari hii hana pa kukwepa, na cha ajabu ameanza kufurahia. "Nimewaambia kamati," akasema, "meza ya wazazi isogezwe karibu na jukwaa. Ndafu ikiingia, mimi nataka nikusikie wewe tu."

Nikaitikia sawa baba, nikatoka nje kama naenda kukata majani ya ng'ombe.

Kiongozi wa bendi nimeshamwambia afungue maiki siku hiyo. Amesema, "Nitaifungua, lakini ukiharibu sherehe ya mdogo wako usinitafute." Najaribu kufanya mazoezi chumbani nimeziba tarumbeta na kitambaa kwa ajili ya majirani, lakini mwezi mmoja hautoshi kurudisha nilichopoteza. Kumweleza baba mapema nimejaribu kwenye simu, nikaishia kuuliza habari za kahawa.

Ninyi mliokomaa, na hasa mnaopiga vyombo, ningekuwa dada yenu mngeniambia nini? Maiki ikifunguliwa, ukoo mzima utasikia nilivyo. Ikifungwa, baba anaweza akatambua palepale kwamba ni kinanda, nife kwa aibu. Au asitambue, asimame mbele ya watu wote, apige makofi na kusema huyu nimemfundisha mimi. Nikimwangalia machoni, nitapokeaje hayo makofi?